Sindano na Mguu wa Mtoto

Maelezo baada ya habari kwa askari wa jeshi, polisi na jamaa zao

Askari hafundishwi kufyatua risasi kabla hajafundishwa kutazama. Siku za mwanzo uwanjani huambiwa aitambue shabaha yake, ajue kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake, kwani risasi ikishatoka hairudi. Amri hiyo anaijua kuruta kama anavyoijua afande. Lakini kipo chombo kingine, kidogo kuliko kidole, ambacho nacho kinastahili amri hiyo hiyo, nacho hutumika kila siku na watu ambao hawajawahi kuulizwa kama wanaona wanakolenga. Chombo hicho ni sindano, na mwili unaolengwa mara nyingi ni wa mtoto mdogo.

Katika jiji la Kampala, Divisheni ya Nakawa ni mojawapo ya divisheni tano, nayo ina makazi ya askari wengi. Juu ya kilima cha Naguru pana makao makuu ya polisi na nyumba za polisi. Juu ya kilima cha Mbuya pana kambi ya jeshi na hospitali ya kijeshi. Na huko Luzira, kando ya ziwa, pana magereza pamoja na nyumba za askari wa magereza. Katika safu za nyumba hizo huishi jamaa waliotoka Teso, Acholi, West Nile, Karamoja, Ankole na Buganda, wakiunganishwa na kazi ya baba au ya mama na lugha moja ya kambi, yaani Kiswahili. Wengi wao wapo mbali na mama wakwe, mbali na shangazi, mbali na wazee ambao nyumbani kijijini wangeulizwa kwanza kila mtoto anapougua.

Basi mtoto hushikwa na homa usiku. Baba yupo zamu. Mama humfunga mtoto mgongoni na kukimbilia mlango wa karibu wenye taa, pengine duka la dawa, pengine kliniki ya chumba kimoja, pengine nyumba ya jirani anayesifiwa kwamba anajua kudunga. Mtoto hulazwa kifudifudi mapajani, nguo huteremshwa, na sindano hutiwa katika tako. Mtoto hupiga yowe. Hilo halimshangazi mtu, kwa maana watoto wote hulia wakidungwa. Kesho yake homa imepungua na nyumba nzima imefurahi, ila mtoto, aliyekuwa akikimbia uani, sasa anauburuta mguu mmoja, na wayo wake unaning'inia kama kiatu kilicholegea kamba.

Hiyo si habari ya mtoto mmoja tu. Ni mlolongo wa mambo ambao madaktari wa mifupa wa Uganda wameuona kwa miaka mingi, wakauandika na kuupigia mbiu. Mwaka 1999, madaktari Naddumba na Ndoboli walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki taarifa juu ya watoto waliopooza mguu baada ya kudungwa kwinini katika msuli. Mwaka 2018 zilichapishwa taarifa nyingine kutoka Wilaya ya Kumi, mashariki ya nchi, ambako madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa Marekani waliwachunguza watoto wenye maradhi ya mifupa na misuli. Huko walikuta madhara ya namna mbili yanayohusishwa na sindano za tako: kwanza, watoto waliopooza mguu, na pili, watoto ambao misuli ya makalio yao imegeuka kuwa kovu gumu lisilovutika.

Yafaa kueleza jinsi madhara hayo yanavyotokea, kwani mtu haepuki hatari asiyoielewa. Ndani ya tako, chini ya ngozi na mafuta na nyama, hupita mshipa mkubwa wa fahamu kuliko yote mwilini. Mshipa huo hutoka katika nyonga, hushuka nyuma ya paja, na ndio unaopeleka amri kwenye goti, kifundo na vidole vya mguu. Mtu mzima mwenye nyama nyingi ana nafasi ya kutosha kati ya ngozi na mshipa huo. Mtoto wa mwaka mmoja hana nafasi hiyo, na mtoto aliyekonda kwa njaa au kwa maradhi hana kabisa. Sindano ikienda ndani mno, au ikielekea upande wa ndani, huweza kuufikia. Tena si ncha peke yake inayodhuru. Kwinini ya sindano ni dawa yenye ukali wa tindikali, na ikimwagwa karibu na mshipa wa fahamu bila kuzimuliwa, huuchoma. Ndiyo maana mguu huweza kulegea papo hapo au katika saa chache zinazofuata.

Madhara ya namna ya pili huja polepole, na kwa hiyo hudanganya zaidi. Mtoto amedungwa mara nyingi katika mahali pale pale. Leo kwa homa, mwezi ujao kwa kikohozi, mwezi wa tatu kwa tumbo. Kila dawa huacha jeraha dogo ndani ya msuli, na majeraha yakikutana hufanya kovu. Kovu halikui kama nyama inavyokua. Mtoto anarefuka, kovu linabaki fupi, na miguu yake huvutwa nje. Siku moja mzazi hutambua kwamba mwanawe hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Hawezi kutumia choo cha shimo kama wenzake bila kuanguka. Akiketi sakafuni shuleni, mapaja hupanuka na wenzake humcheka. Maradhi hayo yamejulikana pia China, Taiwan na India, kwa hiyo si balaa la Uganda peke yake wala si laana ya ukoo wowote.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi chanzo hakitambuliwi. Wapo wanaosema mtoto amerogwa. Wapo wanaosema ni polio. Uganda ilithibitishwa mwaka 2006 kuwa imeishinda polio ya asili, na tangu zamani wahudumu wa afya wana amri ya kuchunguza kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea mguu kwa ghafula, kwa kupeleka choo chake maabara. Amri hiyo ni njema na haina budi kutiiwa. Lakini polio ikishaondolewa katika hesabu, swali linalofuata ni hili: mtoto huyu alidungwa wapi, lini, na kwa dawa gani? Swali hilo lisipoulizwa, mkono uleule utaendelea kudunga watoto wengine.

Kwa nini basi wazazi huipenda sindano kiasi hicho? Sababu haziko mbali. Miaka ya 1950, katika nchi nyingi za Afrika, palipigwa vita dhidi ya buba, ugonjwa uliokuwa ukila ngozi na mifupa ya watoto. Sindano moja tu ya penisilini ilitosha kukausha vidonda ambavyo waganga walihangaika navyo miaka nenda miaka rudi. Watu waliona kwa macho yao, wakaamini. Heshima iliyostahili penisilini ikapewa sindano yenyewe, kana kwamba nguvu ilikuwa katika chuma na si katika dawa. Baadaye, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uganda ilipopita katika misukosuko, hospitali za serikali zikaishiwa dawa na wahudumu wakakosa mishahara ya kuwatosha. Watafiti waliochunguza mambo hayo katika miaka ya 1990 walieleza jinsi sindano ilivyotoka hospitalini ikaingia mitaani na majumbani, hata familia nyingi zikawa na bomba lao la sindano kabatini. Ukimwi ulipoenea, bomba la nyumbani likaonekana kuwa salama kuliko la hospitali, kwa kuwa mwenyewe alijua limemdunga nani. Hofu hiyo ilikuwa na maana yake. Ila bomba safi katika mkono usioona bado linaweza kumlemaza mtoto.

Wala jambo hili si la Uganda tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria, mwanzoni mwa karne hii, kwamba katika nchi zinazoendelea na zile zilizokuwa katika mpito watu walikuwa wakidungwa sindano zipatazo bilioni 16 kila mwaka, na sehemu kubwa sana ya hizo zilikuwa za matibabu, si za chanjo. Nyingi kati ya hizo hazikuhitajika, maana dawa ile ile ingeweza kumezwa.

Hapo ndipo dawa ya kwanza ya tatizo hili inapoanzia: kupunguza sindano zisizo na lazima. Malaria ndiyo iliyokuwa kisingizio kikubwa cha kwinini ya tako. Lakini malaria isiyo kali hutibiwa leo kwa vidonge vya mseto, ambavyo Uganda ilivichagua kuwa tiba ya kwanza katika sera yake ya mwaka 2004. Kwa malaria kali, mambo yalibadilika mwaka 2010 yalipotangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo, kwa watoto 5,425. Kati ya waliopewa kwinini, watoto 10.9 kwa kila 100 walifariki; kati ya waliopewa artesuneti, walifariki 8.5 kwa kila 100. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wenye malaria kali wapewe artesuneti badala ya kwinini. Artesuneti hutiwa katika mshipa wa damu, au, pasipo na njia hiyo, katika msuli wa paja upande wa mbele. Kwa hiyo anayeendelea kumdunga mtoto kwinini katika tako, mahali penye artesuneti, anapigana vita vya jana kwa silaha ya juzi, na mtoto ndiye anayelipa gharama.

Hata hivyo, ionywe mapema kwamba maneno haya si hoja dhidi ya chanjo. Chanjo za watoto wachanga zina mahali pake palipochaguliwa kwa makini. Zile za kifaduro na homa ya mapafu hutolewa katika paja, upande wa nje, na nyingine hutolewa katika mkono wa juu. Hakuna hata moja inayotolewa katika tako. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu hii hii inayozungumzwa, yaani kuuepuka mshipa wa fahamu. Mzazi atakayemnyima mwanawe chanjo kwa kuogopa kupooza atakuwa ameukimbia moshi akaingia motoni, kwa kuwa polio na surua havina huruma.

Dawa ya pili ni mahali. Sindano ya msuli inapohitajika kweli kweli, paja ndilo kimbilio la mtoto mdogo. Upande wa mbele na wa nje wa paja una msuli mnene kuliko wa tako la mtoto, na hapana mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo. Muuguzi aliyefunzwa anajua hivyo. Mzazi asiyefunzwa anaweza kujua hivyo pia kuanzia leo, kwani halihitaji cheti. Mtu akitaka kumteremsha mtoto suruali ili amdunge tako, mzazi ana haki ya kusema kwa upole lakini bila kutetereka: "Muuguzi, naomba iwe pajani."

Dawa ya tatu ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, maana wengi hawajaisikia. Yapo maradhi ya watoto ambayo hayawezi kutibiwa bila sindano kuingia ndani sana, hadi kwenye kiungo au katikati ya msuli fulani, na paja haliwezi kuwa mbadala. Hapo mkono hauna budi kupewa macho. Macho hayo ni picha.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa Kampala na Albert Cook mwaka 1897, ilipata mtambo wa eksirei katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Lakini kwa watoto kuna mtambo mwingine unaofaa zaidi katika kazi nyingi, nao ni ultrasaundi, ule ule unaotumika kuwaangalia mama wajawazito. Mtambo huo hautumii miale. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, mawimbi hayo hugonga nyama, maji na mifupa, kisha hurudi kama mwangwi unaorudi kutoka mlimani. Kutokana na mwangwi huo picha hujengwa kwenye kioo, nayo hutembea papo hapo. Daktari huona msuli, huona mshipa wa damu ukipiga, huona mshipa wa fahamu, na huona ncha ya sindano ikisogea hadi inapotakiwa. Kwa mtoto, ambaye mwili wake ungali unakua na kudhurika kwa miale kwa urahisi kuliko wa mtu mzima, faida hiyo si ndogo.

Uchukuliwe mfano wa nyonga. Mtoto ana homa kali, anakataa kusimama, na akiguswa mguu analia. Pengine usaha umejaa ndani ya kiungo cha nyonga. Kiungo hicho kimezama ndani sana hata kidole cha daktari hakiwezi kuhisi uvimbe. Lakini ultrasaundi huonyesha maji yaliyokusanyika, na sindano ikiongozwa na picha huingia na kuvuta kiasi kidogo ili kijulikane ni nini. Kikiwa usaha, mtoto hupelekwa kupasuliwa na kusafishwa bila kukawia, maana usaha hula gegedu la kiungo katika muda wa siku chache tu, na gegedu likishaharibika, halirudi kuwa kama lilivyokuwa.

Upo pia ugonjwa wa usaha ndani ya misuli, ambao madaktari wa Mulago waliuchunguza na kuuandika katika miaka ya 1960, kwa kuwa ulikuwa ukionekana sana katika nchi za joto, Uganda ikiwamo. Mwanzoni msuli huvimba na kuwa mgumu kama ubao, na kwa macho matupu haijulikani kama usaha umekwisha kukusanyika au la. Anayepasua mapema humjeruhi mtoto bure. Anayechelewa humwacha mtoto na sumu inayoenea katika damu. Picha ndiyo inayosema sasa ni wakati, na sehemu ni hapa.

Mfano wa tatu ni mtindio wa ubongo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyeugua malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, huweza kubaki na misuli inayokakamaa. Kisigino hakigusi ardhi, mapaja hubanana, na mama hushindwa hata kumbadili nguo. Kwa baadhi ya watoto hao hutumika dawa iitwayo botulinamu, ambayo asili yake ni sumu, lakini kwa kipimo kidogo sana hulegeza msuli uliokaza. Nguvu yake hudumu kwa miezi michache, kwa kawaida mitatu au zaidi kidogo, na katika muda huo mtoto hufanyiwa mazoezi ya viungo na kuvalishwa vifaa vya kunyoosha mguu. Dawa hiyo ikiingia katika msuli usiohusika humdhoofisha mtoto mahali alipokuwa na nguvu. Misuli ya mguu wa mtoto imelala mmoja juu ya mwingine kama kurasa za kitabu, na kukisia kwa kidole hakutoshi. Ndiyo maana wataalamu hutumia ultrasaundi, au umeme mdogo wa kuuchezesha msuli, ili wahakikishe ncha imefika kwenye ukurasa unaotakiwa. Hali kadhalika, watoto wenye baridi yabisi hutiwa dawa jamii ya steroidi ndani ya kiungo kilichovimba, na kiungo hicho kikiwa nyonga, picha huwa haikwepeki.

Huenda askari mmoja akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba mshahara wake hautoshi hata karo. Nung'uniko hilo si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba botulinamu ni ghali na huhitaji kutunzwa katika baridi. Ni kweli kwamba madaktari wa mifupa wa watoto ni wachache kuliko wagonjwa wao. Tena mtambo pekee si kinga, kwani mtambo wa ultrasaundi mbele ya mtu asiyejua kuusoma ni kama ramani mikononi mwa mtu asiyejua kaskazini. Lakini mitambo yenyewe haipo ng'ambo tu. Hospitali za rufaa zinayo. Nakawa yenyewe ina Hospitali ya Naguru, iliyojengwa kwa msaada wa serikali ya China na kufunguliwa Januari mwaka 2012. Wataalamu wa picha hufunzwa Kampala, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Ernest Cook kilichochipuka huko Mengo. Kinachopungukiwa zaidi ni desturi ya kutumia mtambo ule ule wa wajawazito kwa ajili ya kiungo cha mtoto, na desturi ya mzazi kwenda mahali penye mtambo kabla hajakwenda mahali penye sindano.

Na kwa mtoto ambaye madhara yamekwisha kumfika, je, milango yote imefungwa? La, haikufungwa. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa huweza kupona, wote au sehemu yake, ingawa huchukua miezi mingi. Katika miezi hiyo wayo ukiachwa uning'inie, kifundo hukazana na kupinda, na hata mshipa ukipona mguu hauwezi tena kukanyaga sawasawa. Kwa hiyo kifaa cha kuushikilia wayo na mazoezi ya kila siku ndivyo vinavyoamua mtoto atatembeaje baadaye. Wale wenye kovu la makalio hupasuliwa, kovu likakatwa, nao wakaweza kuchuchumaa tena. Hospitali ya Mulago, hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi katika barabara ya Entebbe, ambayo ilifunguliwa mwaka 2009, na nyumba ya Katalemwa huko Mpererwe, ni mahali ambapo watoto wenye ulemavu wa viungo wamekuwa wakihudumiwa. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifaa cha mguu katika wiki ya kwanza ni ufa ulioziba, na upasuaji wa miaka mitano baadaye ni ukuta.

Yapo basi mambo machache ambayo kila mzazi wa kambini anaweza kuyashika kichwani kama anavyoshika namba yake ya kazi. Kabla mtoto hajadungwa, mzazi aulize maswali manne. Je, dawa hii haiwezi kumezwa? Dawa hii inaitwaje? Itadungwa wapi mwilini? Na anayedunga amefunzwa wapi? Mhudumu aliyefunzwa hatakasirika kwa maswali hayo, na anayekasirika amekwisha kutoa jibu. Mzazi adai pia karatasi yenye jina la dawa na tarehe, kwani daktari wa kesho ataihitaji.

Baada ya sindano, mzazi amtazame mtoto. Yowe linalofuatana na maumivu yanayoshuka hadi wayo, mguu unaolegea, wayo usioinuka, au mtoto anayekataa kukanyaga, hizo ni dalili za kumfikisha hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asikandwe kwa maji moto, asichuliwe kwa mafuta, na zaidi ya yote asidungwe tena katika tako hilo eti kwa kutuliza maumivu. Na mtoto mwenye homa anayekataa kusimama, ingawa hajadungwa kamwe, apelekwe upesi vilevile, kwa sababu usaha wa nyonga haungoji mwisho wa mwezi.

Wenye madaraka nao wana sehemu yao. Kamanda anayekagua silaha zisizo salama katika kambi yake anaweza kuuliza pia ni nani wanaodunga watoto katika safu za nyumba, na kwa idhini ya nani. Askari aliyefunzwa huduma ya kwanza amefunzwa kumzuia majeruhi asivuje damu hadi afike kwa daktari. Hakufunzwa kuwa daktari wa watoto wa jirani, na heshima yake haipungui akisema hapana. Mkuu wa kituo anayempa askari wake ruhusa ya saa chache ili ampeleke mtoto hospitalini hajapoteza nguvu kazi. Ameokoa miaka mingi ya huzuni ambayo ingemfuata askari huyo hata akiwa lindoni.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kuwahimiza wazazi wasiogope kumkanya mtoto, na wengine wameigeuza kuwa hoja ya kumshikilia mtoto adungwe tu, alie anyamaze. Lakini maana yake ya ndani ni kwamba mzazi atazame mbali kuliko chozi la sasa. Anayetazama mbali huona uwanja wa shule, huona mtoto wake akipiga mpira, akipanda kilima cha Naguru au cha Mbuya kwa miguu yake miwili, na pengine siku moja akipiga kwata mbele ya wazazi wake. Kati ya picha hiyo na mtoto wa leo mwenye homa kuna ncha ndogo ya chuma. Ncha hiyo iingie pale tu inapolazimika, mahali panapojulikana, kwa mkono unaoona unakokwenda.